Nimepunguza tumbo kwa siri, sasa mtaa mzima wasema naumwa

Somo yangu, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na mume wangu yuko baharini. Mimi ni mke wa miaka 38, mzaliwa wa Amu, mji wa Lamu, naishi mtaa wa Langoni, mama wa watoto watatu. Kazi yangu ni mahamri na mbaazi. Baada ya sala ya alfajiri karai langu liko motoni, na kabla ya saa moja watoto wa shule wamekwisha jaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na sarafu zao. Nakueleza haya ili ujue kwamba anayekuandikia ni mtu ambaye maisha yake yote yamo ndani ya chakula.

Miezi mitano iliyopita nilikuwa na kilo 127, na urefu wangu ni sentimita 158 tu. Sukari ilikuwa mwaka wake wa saba, presha mwaka wa nne. Nyumba yetu ni ya kale, jiko liko juu kabisa, na ngazi zile nilikuwa nikizipanda kwa kupumzika mara mbili. Nikafika pa kudungwa sindano mbili kwa siku na sukari haishuki. Daktari wa sukari ndiye aliyenitajia upasuaji. Kaka yangu aliyeko Muscat akalipa sehemu kubwa, nami nikauza mkufu na bangili zangu, nikaenda Nairobi. Niliyemwambia ni mume wangu peke yake. Wengine wote niliwaambia naenda kuangaliwa magoti.

Nilifanyiwa ile wanayoita slivu. Matundu matano madogo, tumbo likakatwa kwa urefu wake, likabaki jembamba kama ndizi. Kisu chenyewe hakikuniuma nilivyoogopa. Kilichonitesa ni ile gesi waliyonijazia tumboni ili waone vizuri, ilinipanda mpaka begani. Nililala hospitalini usiku mbili, kisha wiki mbili nikakaa kwa binamu yangu huko huko, nikinywa maji, maziwa na supu iliyochujwa, kijiko kwa kijiko. Kikombe kidogo cha supu kilinichukua saa nzima. Siku moja jirani alikaanga vitunguu, nikakaa kitandani nikalia kama mtoto. Nilipopata nguvu nikapanda basi mpaka Mokowe, nikavuka kwa boti, nikaingia nyumbani.

Sasa nina kilo 99. Sindano zimeondolewa, kimebaki kidonge kimoja cha sukari. Ngazi napanda bila kusimama. Kwa hayo namshukuru Mungu na sijuti.

Kinachonimaliza ni macho ya watu. Mwezi wa kwanza waliniambia nimependeza. Kufika mwezi wa tatu maneno yakageuka. Somo, wewe wajua, kwetu mke mnene ni mke aliyetunzwa. Akikonda, basi ama ana ugonjwa ule, ama mumewe ameoa wa pili, ama amefanyiwa jambo. Wateja wawili wameacha mahamri yangu, na nilisikia kwa masikio yangu mmoja akisema, "Mkono ule ndio unaokanda unga wa watu."

Mama mkwe hasemi hivyo. Mama mkwe ananipenda, na hapo ndipo ninapokwama. Nyumba zetu zimeunganishwa na wikio, lile daraja la juu la kuvukia kichochoro, hana haja ya kupiga hodi. Kila mchana huja na sahani imefunikwa kwa kawa, wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakaa mpaka aone nimekula. "Kula mwanangu, urudishe mwili." Nami hula, kwa kuwa nikikataa ataniuliza. Akitoka, natapika. Hii ni wiki ya tatu, na siku hizi hata uji mwepesi unarudi. Aliniletea kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa sahanini, nikalinywa bakuli zima mbele yake, kifua kikanibana nikaona nakufa. Wifi yangu naye ananiletea vidonge vya diklofenaki vya hayo magoti yangu. Nimevimeza siku kadhaa, maana usiku nyayo zinanichoma moto na vidole vinakufa ganzi, nikafikiri vitasaidia.

Nywele zinatoka kwa mafungu. Vitamini nilizopewa nilikuwa nimezificha zidakani, kwenye vishubaka vya ukutani, nyuma ya bakuli la kale, wifi akapangusa vumbi, akakishika kichupa, akauliza ni dawa za nini. Tangu siku ile nimeziacha. Marejeo ya miezi mitatu Nairobi sikwenda pia. Ningesema naenda wapi tena?

Wiki tatu zijazo kuna harusi ya binti wa wifi. Ni biriani kwa sinia, watu wanne wanne. Mkono wangu ukisimama, watatu waliobaki wataona. Baada ya harusi Ramadhani iko mlangoni. Je, nifunge? Na mama mkwe nimwambie, au ninyamaze mpaka mwili utulie? Mume wangu anataka kusema, lakini nilimwapisha asiseme, akaapa. Ninachoogopa zaidi ni kimoja: mkufu niliouza ni ule alionivisha mama mkwe kwa mikono yake siku nilipoolewa.

Mwenye Siri,
Langoni, Lamu

SOMO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza juu ya sinia, saumu na mkufu. Nitafika huko. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale wewe ulipopita mbio: unatapika wiki ya tatu, vitamini umeziacha, nyayo zinachoma na vidole vina ganzi. Kesho usipike mahamri. Kesho asubuhi nenda hospitali, na ikiwa usiku huu huu unaona vitu viwili viwili, unayumba ukitembea, au kichwa kinachanganyikiwa, usingoje asubuhi.

Mimi si daktari. Huenda nyayo hizo zimechomwa na sukari ya miaka saba, huenda umepungukiwa na vitamini B12. Lakini iko vitamini nyingine, B1, ambayo mwili hauna ghala kubwa la kuiweka. Mtu asiyekula, au anayetapika kila siku, akiba yake hukauka kwa muda wa wiki chache tu. Ikikauka, mara nyingi mishipa ya fahamu ndiyo inayolia mwanzo: moto nyayoni, ganzi, miguu kulegea. Ikiachwa hupanda kichwani, na yapo madhara ya hapo yasiyorudi nyuma hata mtu akitibiwa. Ikiwahiwa, dawa yake ni vitamini hiyo hiyo, tena hutolewa kwa sindano ikiwa tumbo halipokei. Kwa hiyo si jambo la kukisia wewe na wifi yako, ni la kupimwa.

Ukifika kwa daktari, sema hivi: "Miezi mitano iliyopita nilipunguzwa tumbo kwa slivu. Natapika wiki ya tatu. Vitamini sinywi. Nyayo zina ganzi." Usitaje magoti! Nalisema hili kwa ukali kwa sababu mgonjwa anayetapika hutundikiwa dripu, na dripu ya sukari ikimwingia mtu aliyekaukiwa na B1 kabla hajapewa B1 yenyewe, inaweza kumzidishia. Daktari akijua habari yako atatanguliza kinachotangulia. Asipojua, atakutibu kama mtu aliyekula samaki mbovu. Muulize pia juu ya kile kidonge cha sukari, kama unafaa kuendelea nacho huku chakula hakikai.

Kutapika kwenyewe kuna sababu zaidi ya moja. Tumbo lako limetolewa kama robo tatu yake au zaidi, na hilo lililobaki haliwezi kubeba sahani ya mama mkwe. Lakini umesema hata uji mwepesi unarudi asipokuja. Hapo lazima waangalie kama njia haikuwa nyembamba mahali. Hutazamwa kwa kamera inayopitishwa kooni, na mara nyingi ikionekana imebana hupanuliwa kwa kipira kidogo bila kukupasua tena. Diklofenaki ziache leo, na brufeni vivyo hivyo. Madaktari wengi wa upasuaji huu huwaambia wagonjwa wao wakae nazo mbali kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na kwa mtu aliyekaukiwa na maji kwa kutapika, figo nazo huumia.

Mpigie simu daktari wa Nairobi. Aibu ya kukosa marejeo imeze, wamekwisha izoea. Mwambie uko Lamu, safari ni ndefu, umuulize kama damu inaweza kutolewa huko au Mombasa naye akasoma majibu. Vitamini zile, mwanangu, si za miezi mitatu. Ni za maisha. Chuma, B12, kalsiamu, vitamini D: tumbo dogo haliwezi kuzipata za kutosha kwa chakula peke yake, na damu inafaa kupimwa kila mwaka hata ukiwa mzima kama kigongo.

Nywele nisizipigie ngoma kubwa. Mwili ukipata mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa haraka, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, zikaanguka kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Kwa kawaida huota tena, mradi chuma kiwepo na protini uipate. Wengi huambiwa wasishuke chini ya gramu 60 kwa siku. Kwa mtu wa Amu hilo lisiwe tabu: kipande cha changu cha gramu 100 kina kama gramu 20, yai lina sita, na kuna maziwa na mtindi. Ila hayo ni baada ya daktari kukutuliza tumbo. Ukiruhusiwa kula tena, anza na samaki kabla ya wali, tafuna mpaka kiwe uji, na maji yakae mbali na chakula kwa nusu saa. Maji yenyewe ni mafunda madogo mchana kutwa. Bakuli la kombe kwa mara moja, hata kwa nia njema, tumbo lako haliliwezi.

Sasa siri.

Mwili wako ni wako, na hakuna mtu wa Langoni mwenye haki ya kujua umekatwa nini. Ungeniuliza hili peke yake ningekwambia nyamaza, ukae kwa amani. Lakini siri yako haikukaa kimya. Ulipoificha nyuma ya magoti, magoti yakaleta diklofenaki. Ulipoificha nyuma ya sahani ya wali, sahani ikaleta kutapika. Ulipoificha zidakani, ukakosa vitamini. Hesabu mwenyewe: kila kinachokuumiza leo kimeingilia mlango ule ule. Upasuaji ulikwenda salama, mama. Kuuficha ndiko kunakokuua.

Basi mama mkwe lazima ajue. Na ajue kabla ya harusi, kwa sababu ambayo naona hukuifikiria. Hapa kwetu mwanamke haendi harusini shingo tupu, wala si harusi ya mjukuu wa mama mkwe wake. Siku ile atakutazama shingoni kabla hajatazama sahani yako. Ukimwambia wewe, ni mkwe aliyekuja kuungama. Akigundua yeye mbele ya wanawake wote wa ukoo, ni fedheha yenu wawili.

Nenda ukishatoka hospitali, usiku baada ya isha, pita pale kwenye wikio kama anavyopita yeye, uwe na mumeo. Usianze na tumbo. Anza na uongo: "Mama, nilikudanganya. Sikwenda magoti." Kisha mweleze sukari ilikuwa imefika wapi, sindano ngapi, ngazi ngapi ulizokuwa ukipumzika. Mkufu utaje mwenyewe, usingoje akuulize. Kisharia aliyekupa amekupa, ni mali yako kuuza na kuweka. Lakini usimpigie hoja ya sharia usiku ule, mwanangu, maana hatakuwa akilia kwa ajili ya mali. Mwambie tu ulichokinunua: kwamba mama wa wajukuu wake leo hadungwi sindano.

Atakasirika? Huenda. Mpe siku zake. Wengine huuliza pia kama kukatwa tumbo si kugeuza maumbile ya Mungu. Akiliuliza hilo, mpelekeeni sheikh mnayemwamini na mumwambie ilikuwa tiba ya sukari na presha, daktari ndiye aliyeamua. Fatwa si kazi yangu.

Halafu, hasira zikipoa, mpe kazi. Nakwambia kwa kumjua mwanamke wa namna yake: hajui kupenda kwa mikono mitupu. Ukimwambia tu "usinipikie", umemfukuza. Mwambie, "Mama, nichemshie changu, unitolee miba, uniwekee kwenye kisahani cha kahawa." Kisahani cha kahawa ndicho kiwe kipimo chenu. Ataanza kwa kununa, na baada ya wiki atakuwa anawagombeza wengine wanaokujazia sahani. Mimi mwenyewe nilipotolewa nyongo, mkwe wangu alizuia sambusa zisinipite mbele kwa mwezi mzima, hata nilipokuwa nimeruhusiwa. (Na wewe, kwa kuwa umepungua upesi, vijiwe vya nyongo vina desturi ya kuwafuata watu kama wewe. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula mafuta, usiyaite upepo.)

Wifi aambiwe na mama yake au na kaka yake, si na wewe. Mji uliobaki wape nusu ya kweli, kwa kuwa nusu hiyo ni kweli tupu: "Nilikuwa na sukari iliyonizidi. Nimetibiwa Nairobi. Nakula kidogo kwa amri ya daktari." Usiongeze hata neno. Wateja wale wawili sitakudanganya kuwa watarudi. Wengine mtu akimwona mwenzake amekonda huanza kumchimbia kaburi, na kaburi lisipojaa hukasirika. Na hata kama ungekuwa na ugonjwa ule wanaokuzushia, hauambukizwi kwa unga wala kwa mbaazi, na inatia aibu kwamba mpaka leo kuna wa kuelezwa hilo.

Harusini usikae kwenye sinia. Kuwa mmoja wa wanaogawa. Mwenye kugawa biriani hakuna anayemhesabia matonge, na wewe mikono yako inajua kazi hiyo kuliko wote. Kula kwako nyumbani kabla hujatoka. Sharubati na halua zipite. Vitamu vya ghafla kwenye tumbo lililokatwa huweza kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuhara, na huo si usiku wa kufanya majaribio.

Ramadhani hii usifunge. Mtu asiyeweza kukalisha uji tumboni hana saumu ya kufunga. Hata wale wasiotapika, madaktari wengi hupenda wangoje mwaka, wengine mwaka na nusu, maana tumbo dogo kujaza maji ya siku nzima kati ya magharibi na alfajiri si jambo jepesi. Mgonjwa amepewa ruhusa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, akalipe siku nyingine. Utalipa utakapoweza, na daktari ndiye wa kukwambia lini. Na mchana wa Ramadhani usijilazimishe kukaa na koo kavu kwa kuogopa kuonekana; funda la maji lipate, chumbani kwako.

Moja hukuniuliza, lakini mumeo akirudi kutoka baharini atakuwa na haki ya kulijua. Mwanamke akipungua, mimba hushika upesi kuliko alivyozoea, hata yule aliyekuwa akikawia. Nanyi mnatakiwa mngoje mwaka hadi mwaka na nusu tangu upasuaji, ili mtoto asikute ghala tupu. Kama mnategemea vidonge vya uzazi wa mpango, vidonge vinavyotapikwa havilindi. Ulizeni sindano au njia nyingine huko huko hospitalini.

Na kile kiapo ulichomwapisha, mfungulie. Ikiwa aliapa kwa jina la Mungu, atakapomsimulia mama yake ana kafara ya kutoa, na kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi. Muulizeni sheikh kama mahamri na mbaazi yanatosha.